Mumbai Juu, Kinnaur Chini

Mimi sikuzaliwa mpole, na sitaki mtu anisingizie. Nalisema hili mapema ili nikifika pale pa kupiga honi saa moja na nusu asubuhi, katika mtaa wa watu wastaarabu huko Herndon, usianze kushangaa.

Naitwa Domina, mtu wa Bukoba, nakaa Lanham, huku Marekani. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, huu mwaka wa kumi na moja. Mzee wangu kwa miaka minne sasa ni Mzee Navin, Mhindi wa Musoma. Kazaliwa Musoma, kasoma Mwanza, akaja Virginia angali kijana, akafanya kazi ya uhandisi wa mitambo ya simu mpaka nywele zikamwisha kichwani. Kiswahili chake ni kile cha dukani, kimenyooka, hakina mapambo. Siku ya kwanza nilipoingia kwake nilimsalimia kwa Kiingereza changu chote. Akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akasema, "Acha hizo. Wewe mtu wa wapi?" Basi nikajua tutaelewana.

Mkewe, Mama Kusum, alifariki mwaka mmoja kabla sijaja. Tangu nifike Mzee anatunzwa na sisi wawili, mimi asubuhi hadi saa saba, Venuste saa saba hadi jioni. Venuste ni Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Anakaa Riverdale Park, anakuja kwa treni na mabasi mawili, na hajawahi kuchelewa hata dakika moja. Ni mlokole, mpole mpaka anakera. Ukimfokea anasema, "Bon, dada Domina, nimesikia," halafu anaosha vikombe. Mtu wa namna hiyo hugombani naye, na mimi nisipogombana na mtu kichwa kinaniuma kutwa.

Sasa shida yenyewe. Meenal, binti wa pekee wa Mzee, alipata kazi Minnesota, nyumba ikauzwa, na mnunuzi alitaka kuingia kabla ya Krismasi. Mzee alikataa katakata kwenda Minnesota. Alisema baridi ya kule haina hata mlima wa kuitolea sababu. Akawa na mialiko miwili. Dada yake Hansa, mjane, alikuwa na chumba cha ziada Mumbai, ghorofa ya tano juu ya soko la mboga. Na rafiki yake Negi, waliyefanya naye kazi miaka ishirini na moja, alikuwa amestaafu akarudi kwao Kinnaur, huko juu Himalaya, kijiji cha nyumba ishirini na mbili na matofaa, barabara inafungwa na theluji miezi minne. Wote wawili walimwambia njoo. Na Mzee mwenyewe, nakuambia ukweli wa Mungu, hakuwahi kuishi India hata mwezi mmoja.

Kila asubuhi akinywa chai anachagua Mumbai. Kila mchana akinywa supu anachagua Kinnaur. Hii ingekuwa kichekesho tu, ila mwezi wa nane Mzee alipotea kwenye maegesho ya duka saa tatu nzima, akakutwa amekaa ndani ya gari la watu wengine, mkanda amefunga, anasubiri kupelekwa nyumbani. Tangu siku ile Meenal hakulala vizuri. Namjua, si binti mbaya. Akitupigia simu anatuita shangazi na anko, anasikia Kiswahili chote maana wazazi wake walikitumia kusemea siri, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja akatukalisha sebuleni, akaongea huku macho yamemwiva. Jumamosi ijayo saa nne asubuhi atakuja mtu wa tathmini. Baba atachagua mahali pamoja na ataeleza kwa nini. Akiweza, atakwenda anakotaka. Asipoweza, ina maana hawezi tena kujiamulia, na yeye Meenal ameshaandikisha jina la baba yake kwenye nyumba ya wazee yenye milango ya kufunguliwa kwa namba.

Nilifanya kazi kwenye nyumba za milango ya namba, miaka miwili. Asubuhi unakuta wazee wamevaa makoti, wamebeba mikoba, wamesimama mlangoni wanakusubiri wewe mwenye namba. Unapita, unafunga nyuma yako. Nilipomsikia Meenal nikamtazama Mzee Navin, mtu anayenipigia kelele nikikatiza sentensi yake, nikamwona amevaa koti amesimama pale.

Jumatatu nikamwambia, "Mzee, chagua. Rusha hata shilingi."

"Wewe mjinga," akanijibu. "Mimi maisha yangu yote sijanunua mtambo kwa kuangalia picha. Unauwasha, unausikiliza siku kadhaa, ndiyo unasema."

"Sasa Mumbai tutaiwasha wapi?"

Akatazama huku na huku. Nyumba yake ni ile ya kugawanyika. Unaingia mlango wa mbele unajikuta katikati ya ngazi, kuna choo kidogo hapo, ngazi saba zinapanda sebuleni na jikoni, ngazi saba zinashuka chini kwenye chumba chenye mashine ya kufulia. Akanyoosha kidole juu, akasema, "Hapa Mumbai. Zamu yako." Akakishusha chini. "Kule Kinnaur. Zamu ya Venuste. Mpaka Jumamosi. Na msinidanganye."

Ungekuwa wewe ungepiga simu kwa daktari. Mimi nilivua koti nikaanza kazi.

Mumbai siijui. Najua Kariakoo. Nikasema mji mkubwa ni mji mkubwa, watu wanauza, wanasukumana, wanaulizana una chenji. Nikasogeza makochi yote yakabanana hadi ukitaka kwenda jikoni lazima uombe njia. Nikawasha redio mbili, stesheni mbili. Nikakaanga vitunguu saa moja asubuhi. Nikaenda gereji, nikaingia kwenye gari langu, nikapiga honi kwa vipindi, dakika ishirini. Nikirudi ndani nampita Mzee nikimkwaruza na kikapu, simwombi radhi. Nikampa na sheria, maana mimi nikifanya kitu nakifanya: saa moja hadi saa saba, mtu yeyote akikuuliza uko wapi, sema Mumbai. Akikosea namwuliza tena kwa sauti ya juu.

"Mumbai!" ananifokea na yeye. "Niko Mumbai! Niacheni ninywe chai!"

Saa saba anakuja Venuste. Kuna kiti cha umeme kinachopanda na kushuka ngazi, Mzee anakikalia kwa sababu ya magoti. Lakini alikataa kushuka moja kwa moja. Safari ya kutoka Mumbai hadi Kinnaur ni siku mbili, akasema, hata mtoto anajua. Kwa hiyo kiti kikawa kinasimama katikati, pale mlangoni, na pale pakawa Delhi. Anakula chakula cha mchana Delhi, sahani mapajani, anatumia choo cha Delhi, ndipo anaendelea. Mleta barua alimkuta hapo mara mbili, akamsalimia, akapewa achari ya embe.

Kule chini, Venuste naye hajui Himalaya. Anajua Mugamba kwao, milima ya Burundi, ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka kitandani. Akazima hita. Akafungua dirisha dogo. Akamvisha Mzee blanketi mbili, kofia ya sufu, mpira wa maji ya moto miguuni, akamweka mbele ya ukuta mweupe, akakaa kando yake. Basi. Hakuna kingine. Kwa muda wa saa sita wanatazama ukuta. Nilimwuliza Venuste wanaongea nini. Akasema, "Donc, dada Domina, mlima hauongei."

Nikacheka. Jumanne asubuhi sikucheka tena. Mzee alinipa kadi, ya kawaida tu ya kutakiana heri, nyuma yake ameandika kwa mkono: *Domina. Nimefika salama. Hapa baridi lakini kimya ni kizuri sana. Niletee biskuti. Navin.* Kumbe aliiandika jana yake kule chini, na Venuste akamwambia posta ya mlimani inachukua siku moja.

Kimya ni kizuri sana! Nikasikia damu inanipanda. Mimi ninayeamka saa kumi na moja, nazunguka Beltway, ile barabara ya kuzunguka jiji, gizani, nikaange vitunguu, nipige honi, nipambane na makochi. Mwenzangu anafungua dirisha anakaa kitako, na ndiye anayesifiwa! Nikaamua Mumbai itashinda. Nasema ukweli wangu, kufikia Jumanne saa tatu sikuwa nafikiri tena juu ya milango ya namba. Nilitaka kumshinda Venuste.

Jumatano nikaongeza muda wa honi. Jirani akaja, mstaafu mmoja mzungu mwembamba, amevaa kandambili, akauliza kama gari langu limeharibika. Nikamwambia hapana, ni foleni. Akasimama hapo kidogo, akarudi kwake. Siku hiyohiyo Hansa akapiga simu ya video, nikaishika mimi, redio mbili nyuma, vitunguu vinalia, mimi namwambia Mzee asogee apishe watu. Hansa akasema kitu kwa Kigujarati huku anafuta machozi. Mzee akanitafsiria. Dada yake alikuwa anauliza mbona alifika Mumbai bila kumwambia.

"Unaona!" nikamwambia Mzee. "Mwenye mji kauthibitisha."

Lakini barua ya Alhamisi ikasema: *Leo Venuste amenionyesha tofaa. Tumelitazama.* Wamelitazama tofaa, jamani. Nikachukua simu nikawapigia wanawake wa jumuiya yetu ya Lanham. Sisi Wakatoliki wa Kitanzania hatujui kufanya jambo tukiwa wachache. Nikawaambia kuna mgonjwa anahitaji watu, na hawakuuliza swali la pili. Saa nne walikuwa wameshafika kumi na wanne kwa magari manne, na Chepkirui, Mkenya tunayesali naye, akaja na mabegi yake ya biashara maana Chepkirui hata msibani anakuja na vitenge.

Nikawaeleza: hapa ni Mumbai, mkoroge.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Sebule ile ilijaa hadi pazia likaanguka. Wawili walikuwa hawajasemeshana tangu kipaimara cha mwaka juzi. Wakayamaliza pale pale, kwa sauti kubwa, juu ya kichwa cha Mzee. Chepkirui akatandaza vitenge kwenye meza ya chakula, akaanza, "Mamaa kuja uone, leo naharibu soko, beba hii, hapana, wewe hii inakukataa." Mmoja alimshikisha Mzee mtoto wa miezi saba bila kumwuliza, akaenda kutazama chapati. Jirani akarudi, safari hii amevaa viatu, amekuja kushtaki. Chepkirui akamvuta mkono. Jirani alitoka na kiondo, chapati mbili na kitambaa cha meza, na uso wa mtu ambaye hajui kimetokea nini.

Mzee alijaribu kuongea mara ishirini. Kila akifungua mdomo, mtu anamjazia kitu, chai au neno. "Mimi nilipokuwa Mwanza..." "Mwanza! Dada yangu kaolewa Mwanza!" na hapo hadithi si yake tena. Akawa mwekundu. Akapiga meza. Akatukana kwa lugha tatu, mtoto mapajani akacheka, na yeye akamtukana mtoto. Saa saba, Venuste alipokuja kumchukua, Mzee hakuaga. Kiti kilishuka naye amekunja uso hadi Delhi, na kutoka Delhi.

Ijumaa hakuniletea barua.

Nikamwuliza kulikoni. Akasema hajisikii kuandika. Akanywa chai kimya, redio mbili zikimpigia masikioni, na nilipomwuliza uko wapi akajibu "Mumbai" kama mtu anayetaja namba ya kiatu. Hapo ndipo woga ulinirudia. Nilikaa jikoni nikajiuliza, Domina, umefanya nini? Mzee wa watu amebakiza siku moja aamue maisha yake, na wewe umemjazia wauza vitenge. Mchana nilimngoja Venuste, nikamwambia wazi, "Kaka, nadhani tumemchanganya." Kwa mara ya kwanza sikumsikia akisema bon. Alisema, "Na mie naogopa, dada."

Jumamosi saa nne kasoro dakika tano kengele ikalia. Mtu wa tathmini alikuwa Mmarekani mweusi, kijana mrefu mwenye miwani na tai, na kalamu tatu mfukoni. Nikamfungulia. Akainamisha kichwa akasema, "Hujambo, bibi. Mimi ni Jelani. Nimearifiwa kwamba Mzee huzungumza Kiswahili, nami nilijifunza lugha hiyo chuoni. Ningefurahi iwapo angeridhia tuitumie."

Anaongea kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nikamwambia karibu, mwanangu, panda ngazi.

Sebuleni alikuwepo Meenal, amekaa ukingoni mwa kochi, na Venuste niliyemwomba aje mapema, na Mzee katika shati jeupe nililompigia pasi mwenyewe. Makochi sikuwa nimeyarudisha. Jelani akabanwa mpaka magoti yake yakagusana na ya Mzee. Akafungua faili.

"Je, Mzee, waweza kunieleza sasa hivi tuko wapi?"

Mzee akageuka akatazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika nane.

"Mumbai," akasema.

Yaani hata kama ungenichoma kisu pale usingepata damu. Mimi ndiye niliyemfundisha! Siku tano nimemkazania, na amefaulu!

"Mumbai," Jelani akarudia taratibu, akaandika. "Na ukihitaji kwenda msalani, Mzee, huenda wapi?"

"Delhi. Umepita hapo ulipoingia."

"Na kule chini?"

"Kinnaur. Ukishuka chukua koti."

Meenal akaziba uso kwa mikono yote miwili. Jelani aliandika mistari mitatu. Mimi sikuweza kuvumilia, nikaruka katikati yao. "Ni kweli!" nikapiga kelele. "Usiandike! Anasema kweli tupu! Hapa ni Mumbai mpaka saa saba, mimi ndiye Mumbai, na huyu Venuste ndiye Kinnaur, na mlangoni ni Delhi, mwulize hata mleta barua!"

Jelani akanitazama juu ya miwani, akafungua ukurasa mpya, akauliza jina langu linaandikwaje.

Venuste ndiye aliyetuokoa, lazima niseme, ingawa inaniuma. Alisimama akasema kwa upole wake, "Monsieur, kabla ya kuandika, uje uone." Jelani akasita, halafu akafunga kalamu. Mzee akasema mgeni hashuki kwa miguu. Basi kijana wa watu akakalishwa kwenye kiti cha umeme, magoti yamefika kidevuni, faili kifuani, akashuka kwa mwendo wa konokono. Kikasimama Delhi. Akauliza kama kimeharibika. Venuste akampa chai, akamwambia anywe kwanza, njia bado ndefu. Akainywa. Kikaendelea.

Alikaa kule dakika kumi na saba, nilizihesabu zote. Aliporudi juu pua imekuwa baridi na blanketi la Venuste liko mabegani mwake. Akakaa. Akasema, "Kuna kimya kingi huko," na nikaona Kiswahili chake kimevua tai.

"Kijana," Mzee akamwambia, "mimi nilikuwa mhandisi. Sasa nisikilize. Niko Herndon, Virginia. Ni Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Nyumba hii imeuzwa. Huyu ni mwanangu Meenal, anadhani nimechanganyikiwa, na mwezi wa nane kweli nilichanganyikiwa, siku ile niliogopa sana na sikumwambia. Lakini hapa tuko ndani ya jaribio, na jaribio linaisha saa saba. Mtu akikuuliza katikati ya jaribio, unajibu kwa jaribio. La sivyo ulikuwa unajaribu nini?"

Jelani akavua miwani akaifuta. Akakata mistari yake mitatu, mmoja mmoja, kwa rula.

"Basi, Mzee, umechagua wapi?" akauliza. "Na kwa nini?"

Nikamshika Venuste mkono bila kujua. Meenal alikuwa hapumui.

"Kule chini ni kuzuri," Mzee akasema. "Negi ni rafiki yangu na Venuste ni mtu mwema. Siku mbili nilifurahi. Siku ya tatu, kwenye kile kimya, nikaanza kumsikia Kusum hayupo. Sijui nisemeje. Kimya kile ni chake. Kadiri kinavyokuwa kizuri ndivyo anavyozidi kutokuwepo." Akakohoa. "Halafu Alhamisi huyu Domina akaniletea wale wanawake. Hakuna hata mmoja aliyeniacha nimalize sentensi. Nilikasirika sijawahi kukasirika vile. Jana kutwa nilikuwa nawaza, mbona mwili wangu una nguvu leo? Nikagundua kwamba Alhamisi, saa tatu nzima, nilikasirika hadi nikasahau kuwa nina huzuni. Ni mara ya kwanza tangu afe." Akamgeukia Meenal. "Naenda kwa Hansa. Hansa hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi. Nachagua Mumbai."

Jelani aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema Mzee amechagua, na ameeleza sababu, na yeye kwa upande wake hana swali lingine. Meenal akalia kwa sauti, akamkumbatia baba yake, akamwambia kwa Kiswahili, Kiswahili cha kuvunjikavunjika ambacho sikuwahi kumsikia nacho, "Baba, samahani. Baba, samahani sana."

Na mimi? Mimi nikapiga kigelegele! Kilipanda kile, nakwambia, kikafika hadi kwa jirani. Nimeshinda! Nikacheza pale kati ya makochi, nikamkonyeza Venuste, nikamwambia nenda na tofaa lako. Mumbai hoyee!

"Tiketi zipo za tarehe ishirini na moja," Meenal akasema, anafuta macho, anatazama simu.

Nikaacha kucheza. Ishirini na moja. Ilikuwa tarehe kumi na mbili.

Wiki nzima nimepigania Mumbai, nimepiga honi, nimelipindua jumba la watu, na haki ya Mungu, haikunijia hata mara moja kwamba Mumbai ikishinda Mzee ataondoka. Nilikuwa naiona Mumbai pale pale sebuleni. Nilimwona yeye kwenye kiti chake akinifokea, na mimi nikimkwaruza na kikapu, miaka na miaka.

"Mzee," nikasema, "subiri kwanza. Kuna mambo sikukuambia. Mumbai ni mbaya."

Wote wakanigeukia.

"Maji yanakatika. Joto halivumiliki. Ghorofa ya tano na magoti yako hayo, lifti ikiharibika je? Na wezi, Mzee! Wezi watupu! Na Hansa mwenyewe ni mzee, nani atakukata kucha? Anajua kama chai yako sukari inawekwa kabla ya maziwa? Hajui! Jelani, mwanangu, fungua hilo faili, andika, kuna taarifa mpya..."

"Domina," Mzee akasema.

"Hata Kinnaur ina nafuu. Hata Minnesota!"

"Domina. Njoo hapa."

Nikaenda. Njia ilikuwa finyu, makochi yote yale, nikampita Venuste ambaye alikuwa ameinamisha uso na mabega yanamtetemeka. Mzee akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto, na hakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

"Nimeshaamua," akasema. "Mwenyewe."

Nilikuwa na maneno mengi. Yalikuwa yamejaa mdomoni, na kila mtu anayenijua anajua mimi sijawahi kumwacha mtu awe na neno la mwisho. Nikamtazama, shati jeupe, kichwa kisicho na unywele, macho hayana wasiwasi wowote. Nikamwacha nalo. Nikajipangusa pua kwa upindo wa kitenge, nikaenda chumbani kwake kutafuta sanduku la safari.